MSIMWITE MVIVU: GIZA LA MAJIRA YA BARIDI NA WATOTO WETU WALIO UGHAIBUNI

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo,

Ndugu wazazi, kila ifikapo Desemba na Januari kuna ujumbe wa sauti unaotoka hapa West Nile kwenda Uingereza, Kanada, Marekani, Uswidi na Norwei. Nimesikilizishwa mwingi, kwa sababu wazazi hapa Lurujo wakishautuma huja kwa mwalimu wa madrasa kuuliza kama wamesema vizuri. Maneno yake yanafanana: umekuwa mvivu, hupokei simu, bila shaka umeacha swala, umetekwa na dunia, umetusahau. Na baba mkali zaidi humalizia kwa kumtishia mtoto kuwa hana radhi naye.

Mimi nasema waziwazi, na atakayechukia achukie: mara nyingi maneno haya ni dhulma. Yule kijana hakuasi. Anaumwa kwa kukosa kitu ambacho sisi hapa tunakipata bure tangu tulipozaliwa, hata hatukihesabu kuwa ni neema. Anakosa mwanga wa jua.

Sisi si wageni wa kuhama. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, maelfu kwa maelfu ya watu wetu walivuka kwenda Sudan na Zaire, na wengi wa rika langu walikulia huko. Ilikuwa shida ya chakula, ya maradhi na ya hofu. Lakini jua la Yei na la Aru lilikuwa lilelile la Koboko. Tulihama, na jua likahama nasi. Waliokwenda kaskazini ya mbali ndio wa kwanza katika ukoo wetu kuhamia mahali ambapo jua lenyewe huadimika kwa miezi.

Tazameni hesabu. Sisi tuko kama nyuzi 3 tu kaskazini ya Ikweta. Baina ya siku yetu ndefu kabisa na siku yetu fupi kabisa tofauti haifiki nusu saa. Ndiyo maana adhana ya Magharibi kwetu haitoki mbali na saa moja jioni, mwaka mzima, na bibi zetu hawakuhitaji saa ya ukutani. Sasa nendeni London katika siku za 20 na kitu za Desemba. Jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote haufiki saa 8. Stockholm ni saa 6 hivi. Tromsø, huko kaskazini ya Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Kijana anayeamkia kazini katika giza, anafanya kazi ndani ya ghala lisilo na dirisha, kisha anarudi nyumbani katika giza, anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona jua kwa macho yake. Wiki nzima! Na wewe uliyekaa chini ya mwembe unamwambia amebadilika.

Amebadilika kweli, lakini tuulize kwa nini. Aliyeyapa maradhi haya jina la kitabibu mwaka 1984, pamoja na wenzake katika taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili, ni Daktari Norman Rosenthal. Mtu huyu kwao ni Afrika Kusini, Johannesburg. Alihamia New York mwaka 1976, na ilipofika baridi akaona nguvu zake mwenyewe zinamwishia, kisha zikarudi majira yalipobadilika. Yaani hata huyu mwanachuoni alianza kulijua jambo hili kwa sababu alikuwa mtoto wa Afrika aliyeingia katika giza la watu wengine.

Na alama zake ni hizi hizi wanazozisimulia wazazi bila kujua wanasimulia nini. Mtu hulala sana na bado anaamka amechoka. Hutamani mkate, viazi na vitu vitamu, akanenepa. Hujitenga na watu, simu inaita anaiangalia tu. Ladha ya mambo inamtoka, pamoja na ladha ya ibada. Huanza vuli inapoingia, hupungua siku zinaporefuka, na mwaka wa pili hurudi tena. Ukiona mzunguko huo, usikimbilie kuhukumu.

Watasema wenzangu, tena wengine ni walimu kama mimi: Muumini hahuzuniki hivyo, huo ni udhaifu wa imani. Subhaanallaah! Nabii Ya'quub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakapoteza nuru, na hakuna aliyethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bi Khadija (R.A.) na Abu Twalib katika mwaka mmoja, na wanahistoria wa Kiislamu wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni; hawakuuita mwaka wa udhaifu. Na katika dua aliyokuwa akikithirisha, iliyopokewa na Al-Bukhaariy, Mtume (S.A.W.) alijikinga na hamm na hazan, yaani wasiwasi na huzuni, kisha akajikinga na 'ajz na kasal, yaani kushindwa na uvivu. Amevitaja mbalimbali. Sasa wewe umepata wapi ruhusa ya kuifanya huzuni ya mwanao kuwa uvivu?

Kundi la pili ni wale wasemao ni jini, au husda ya majirani walioona ameenda Ulaya, na mara dawa yake hugeuka kuwa fedha: mbuzi, mafuta yaliyosomewa, na safari ya mtu fulani kutoka mjini. Mimi siyakanushi majini, Qur'ani imeyataja, na ruqya ya kisharia ni haki. Lakini jamani, hebu tufikiri. Ni jini gani huyu anayefika Novemba na kuondoka Machi kila mwaka kama mtu mwenye tiketi? Anayewashika vilevile Waswidi na Wafini ambao hawana jirani yeyote Koboko wa kuwahusudu? Na anayepata nafuu ukimkalisha mbele ya taa? Msomeeni mtoto Qur'ani kwa simu, ni kheri tupu. Lakini msimuuzie hofu.

Basi dawa ni nini? Dawa ya asili ya kwanza ni ileile iliyokosekana, mwanga, na hasa mwanga wa asubuhi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata walioko huko wenyewe wengi hawajui. Katika kila mtu Allaah ameweka kitu kama saa ndani ya ubongo, inayoamua lini usingizi uje na lini uondoke. Saa hii hupata habari zake kupitia jicho. Tangu mwaka 2002 imejulikana kwamba nyuma ya jicho zimo chembe maalumu ambazo kazi yake kubwa ni kuupelekea ubongo habari ya mwanga, kama sasa ni mchana au ni usiku. Watoto wetu wote wanaihifadhi Suratun-Nabaa, na humo usiku umepewa kazi yake na mchana kazi yake. Mwanga ukikosekana asubuhi, saa ile huchelewa, na mwili unaendelea kuwa usiku wakati mtu yuko kazini.

Taa ya sebuleni haitoshi. Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho luksi. Ndani ya nyumba ya kawaida ni luksi mia chache tu, au chini ya hapo. Nje, hata siku ya mawingu mazito ya baridi, mchana unaweza kupata mara kadhaa ya hizo. Jicho letu hutudanganya, linazoea, tunaona sebule "inawaka". Kwa hiyo kutoka nje nusu saa au zaidi mara kunapokucha, au angalau mchana, kwa miguu, bila miwani ya jua, ni tiba na wala si anasa. Kutembea kwenyewe nako kunasaidia moyo. Hakuna haja ya kulitazama jua, na wala haifai. Inatosha kuwa nje, macho wazi.

Asiyeweza kutoka, zipo taa maalumu za luksi 10,000. Mtu huiweka mbele yake kidogo kwa pembeni, asubuhi baada ya kuamka, dakika 20 hadi 30, huku anakunywa chai au anasoma wirdi wake. Asiikodolee macho. Kanada mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 96 wa maradhi haya, nusu walipewa mwanga na nusu kidonge cha fluoxetine kwa wiki 8, na waliopata nafuu walikuwa sawasawa pande zote mbili, kama watu 67 katika kila 100. Lakini mwenye maradhi ya macho, au mwenye historia ya akili kupanda kupita kiasi, halali usiku na anajiona mfalme, huyo asianze taa bila daktari, maana mwanga unaweza kumpandisha tena. Na anayefanya kazi usiku asichukue maneno yangu haya ya asubuhi kichwa kichwa, kwake saa zimegeuka, aulize daktari.

Tazama sasa jinsi swala inavyoingia hapa. London katika Desemba, Adhuhuri inaingia saa sita hivi mchana, Alasiri kabla ya saa nane, na Magharibi kabla ya saa kumi. Vijana hulalamika kuwa swala zimebanana. Mimi nawaambia ni kinyume chake: kila siku unaitwa mara mbili katika zile saa chache zenye mwanga. Toka nje uende msikitini kwa miguu, au toka tu uzunguke jengo la kazi kisha uswali. Na Alfajiri huko inachelewa kiasi kwamba mtu akiswali kisha asirudi kitandani, hana muda mrefu wa kungoja kupambazuke. Kinachowaua wengi ni kule kurudi chini ya blanketi mpaka saa nne.

Kuna jambo watu wanalichanganya, nalo ni vitamini D. Mwanga wa moyo hupita machoni. Vitamini D hutengenezwa na ngozi, tena kwa miale ambayo haipiti kwenye kioo cha dirisha, na ambayo Uingereza tangu Oktoba hadi mwanzo wa Machi haina nguvu ya kutosha. Kwa hiyo kutembea Januari kutausaidia moyo lakini hakutaleta vitamini D. Na sisi weusi ngozi yetu huitengeneza polepole zaidi, na dada zetu wanaojisitiri zaidi bado. Serikali ya Uingereza tangu mwaka 2016 inashauri kila mtu afikirie kunywa maikrogramu 10 kwa siku katika vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi au wanaofunika mwili mwaka mzima. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Msiuziwe kuwa ni dawa ya huzuni! Marekani walifuatilia watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa miaka kama mitano, matokeo yakatoka 2020, na vitamini D haikuzuia unyonge wa moyo kuliko kidonge kitupu. Basi inywe kwa kipimo chake, usivuke maikrogramu 100 kwa siku, na angalia ganda la kidonge, maana baadhi ni jelatini ya nguruwe. Zipo zenye alama ya halali.

Nikifika kwenye neno "asili" damu inanipanda. Siku hizi kila kitu kinachouzwa kwa WhatsApp ni "asili", "tiba ya Mtume", "haina madhara". Habbat sauda imetajwa katika Hadith sahihi nasi tunaiamini, lakini anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya daktari anywe mafuta yake ya shilingi kadhaa, huyo anafanya biashara kwa jina la Mtume (S.A.W.). Huko Ulaya kuna mmea uitwao St John's wort, unauzwa madukani kama dawa ya asili ya huzuni. Unafanya kazi kwa baadhi ya watu, hilo ni kweli. Lakini unapunguza nguvu ya dawa nyingi: vidonge vya kupanga uzazi, dawa za kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo hilo. Katika nyumba zetu wamo wanaotumia ARV kwa siri, tunalijua. Mtu kama huyo anaweza kujiharibia matibabu ya miaka kwa chupa moja ya "asili". Na ukichanganywa na vidonge vya hospitali vya sonona unaweza kuwa sumu. Mairungi nayo ni majani ya asili, je? Humwinua mtu saa chache kisha humbwaga chini zaidi, na usingizi wote umekwenda. Uingereza wameyapiga marufuku tangu 2014.

Kwa upande wa chakula sina mengi. Samaki, mboga, mayai, na kupunguza vitamu. Bi 'Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa waliofiwa, naye amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Angalieni, sehemu. Na shayiri huko ni rahisi kupatikana. Mama anayepikiwa uji na mtu mwingine, naona nusu ya dawa iko katika kule kupikiwa.

Na hapa nawageukia waume. Akina mama wetu wengine huko wanakaa ghorofa ya nane na watoto watatu wadogo. Kutoka nje wakati wa theluji ni kuvalisha makoti matatu, buti sita na kofia, na kabla hujafika kwenye lifti mmoja anataka choo. Basi hatoki. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Mume anatoka, anaona watu, anaswali jamaa, kisha anarudi anauliza kwa nini nyumba haijapangwa. Ewe ndugu yangu, kaa na wanao siku yako ya mapumziko, mkeo atoke saa nzima wakati wa mwanga, peke yake au na dada zake. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa swala ulipoingia. Hili halikupunguzii kitu.

Sisi tuliobaki nyumbani tuna dhambi yetu maalumu. Muhula wa kwanza wa shule Uganda unafunguliwa karibu na Februari. Kwa hiyo Januari, mwezi ambao yule mtoto bado yuko katika giza nene, ndio tunaomrushia karo za wapwa, sare, madaftari, na mabati ya nyumba ya mjomba. Simu zetu zote zinaomba. Kisha tunashangaa hapokei! Hizi karo zinajulikana tangu mwaka uliopita. Mwombeni Agosti, siku zikiwa ndefu, aweke kidogo kidogo. Januari mpigieni simu isiyo na ombi hata moja. Sikusema msiombe, nimesema msiombe Januari.

Wapo ambao mwanga na matembezi hayatawatosha. Asiyelala kabisa, asiyekula, anayesema afadhali asingekuwepo au anayeanza kuaga na kugawa vitu vyake, huyo si wa kushauriwa uji. Marekani na Kanada kuna namba 988, usiku na mchana. Uingereza ni 999 kwa hatari ya papo hapo. Kwa vijana wa Kiislamu wa Uingereza ipo Muslim Youth Helpline, wanaosikiliza bila kukemea. Na kidonge cha daktari si aibu. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaambia ndiyo, wajitibu. Yako pia matibabu ya mazungumzo, ambapo mtu hufundishwa kuzigeuza fikra zake na desturi zake. Watafiti wa Vermont walilinganisha njia hiyo na taa kwa watu 177, na baada ya baridi mbili waliofunzwa ndio waliorudiwa na maradhi kwa uchache zaidi. Mzazi anayesema "mwanangu haendi kwa daktari wa wendawazimu" ajue atakayeulizwa ni nani.

Mwisho ni jambo la saa. Uingereza wakati wa baridi wako nyuma yetu saa 3, kwa hiyo saa sita yao ya mchana ni saa tisa alasiri hapa. Minneapolis wako nyuma saa 9, saa sita yao ya mchana ni saa tatu ya usiku kwetu, tumeshaswali Isha na watoto wamelala. Mpigie saa hiyo. Akipokea, kabla ya salamu ndefu, mwambie avae koti atoke nje, na mzungumze huku anatembea. Msimulie mvua, msimulie mbuzi aliyezaa, nani ameoa. Ukisikia pumzi yake inakwenda haraka na theluji inalia chini ya viatu vyake, usikate simu mapema.

Wabillaahi tawfiq.